Dakika Mia na Ishirini na Saba

Jumatatu, saa kumi alasiri, mashini ilimzimikia Blandine usoni huku ikionyesha asilimia thelathini na nane. Haikuonya, haikulia, haikupunguza mwanga. Ilizima tu katikati ya zoezi la hesabu alilokuwa analifanya, akabaki anajitazama uso wake mwenyewe kwenye kioo cheusi. Asilimia thelathini na nane! Hata mgonjwa mahututi huaga.

Mashini ndilo jina ambalo nyumba ile ya mtaa wa Kasenga, mjini Uvira, iliipa kompyuta yao ya mkononi. Nyumbani walikuwa watatu. Blandine alifundisha hesabu sekondari. Mumewe Michée alikuwa fundi na msomaji wa matangazo katika redio ndogo ya mjini. Binti yao Alliance alikuwa na miaka kumi na miwili na maswali yasiyokwisha. Umeme ulikuwa umepotea kwa wiki tatu, na hakuna aliyejua utarudi lini, kwa hiyo watu walikuwa wameacha kuuliza.

Jumamosi Blandine alikuwa na mtihani. Chuo kikuu kimoja cha Dakar kilitafuta walimu wanane wa hesabu kutoka nchi mbalimbali, ili kiwasomeshe miaka miwili kwa gharama yake. Mtihani ungefanyika kwenye kompyuta, kila mtu chumbani kwake, peke yake, kamera ikimtazama toka mwanzo hadi mwisho. Dakika mia na sitini. Kompyuta ikizima, mlango unafungwa na haufunguliwi tena. Tangazo lilisema pia kwamba umri wa mwisho ni miaka arobaini, na Blandine alikuwa na thelathini na tisa na nusu.

Msidhani alitaka ukubwa. Kwa miaka kumi na sita alikuwa anafundisha sura zilezile, kwa chaki ileile, mbele ya watoto waliompenda na waliojua kidogo kuliko yeye. Alichotamani kila siku akiwa ubaoni ni kuketi tena mbele ya mtu anayejua zaidi yake, afungue daftari, aandike.

*

Jumanne asubuhi alipeleka mashini kwa Bertrand, anayechaji simu za watu kwa sahani za jua kando ya barabara, kisha akaenda kwa préfet, yaani mkuu wa shule, kumwomba ofisi yake kwa Jumamosi. Ofisi ya préfet ilikuwa na sahani mbili za jua juu ya bati na mlango unaofungwa vizuri. Alimkuta anatia sahihi karatasi, walimu wengine wawili wakingoja zamu yao.

"Préfet, niko naomba bureau siku ya posho. Masaa matatu tu. Nitaleta ata kiti yangu."

Préfet hakuinua macho. "Siku ya posho unataka kufanya nini mu bureau yangu?"

"Ni ile examen ya Dakar."

"Aa, Dakar." Akaendelea kutia sahihi. "Na kama unashinda, unatuacha. Donc minye nikupe courant ya sahani yangu ju uache masomo bila mwalimu wa mathématiques? Madame Blandine, weye mwenyewe fanya ile hesabu."

Wale walimu wawili walicheka. Blandine naye akacheka, kwa sababu ndivyo mtu anavyofanya mkubwa wake anapomdhihaki mbele za watu. Alipotoka nje alikuwa bado ana lile tabasamu usoni, na alilibeba hadi kwenye kona ya barabara ndipo akalitua.

Redioni hakukuwa na nafasi. Chumba cha pekee chenye mlango kilikuwa studio, na Jumamosi studio ni ya wahubiri, mmoja akitoka mwingine anaingia. Michée alimwambia hivyo, na ilikuwa kweli. Tangu habari ya Dakar iingie ndani ya nyumba ile, Michée alikuwa mtu wa kujibu anachoulizwa na basi.

Ikabaki mashini yenyewe. Ingekaa muda gani? Asilimia zake zilikuwa za uongo, hilo lilikuwa limeonekana. Betri mpya ya aina ile haikupatikana Uvira, na wa kuitafuta Bujumbura angechukua wiki. Blandine akaamua kuipima. Wanafunzi wake walipokuwa wanafanya zoezi la mstari mnyoofu, yeye aliketi mezani akaandika kwa kalamu, kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari la mahudhurio, programu ya mistari saba.

Jioni aliichapa, Alliance akiwa amemwegemea begani.

"Mama, uko unaandika nini?"

"Niko nafundisha masini ijihesabie siku zake."

"Namna gani?"

"Kila dakika moja, inaandika saa, na inaandika batri imebakia ngapi. Kisha inangoja dakika ingine, inaandika tena. Inafanya vile mpaka inakufa. Kisha minye naangalia mustari ya kwanza na mustari ya mwisho. Kati yao njo maisha yake."

Alliance alifikiri. "Na ikikufa, njo inakumbuka?"

Lilikuwa swali zuri kuliko mama yake alivyodhani. Usiku ule mashini iliandika, ikaandika, ikazima. Na walipoiwasha siku iliyofuata kwa Bertrand, daftari lake lilikuwa tupu. Blandine alikuwa ameiamuru ikusanye namba zote kichwani kisha izihifadhi kwa pamoja mwishoni. Mwisho ulifika kabla ya kuhifadhi. Umeme wa siku nzima ulikuwa umepotea kwa kosa la mstari mmoja. Alisimama pale kwenye kibanda, katikati ya watu wanaochomoa simu zao, akajipiga paji la uso kwa kiganja mpaka Bertrand akamuuliza kama ana malaria.

Akausahihisha mstari ule: kila dakika andika, kila dakika hifadhi.

*

Alhamisi asubuhi mashini ilikuwa imejaa. Blandine alitaka ipimwe kwa haki, ifanye kazi ileile itakayofanya siku ya mtihani, kwa hiyo alifungua kamera, akaweka mwanga wa kioo kamili, akaacha video ya somo ijirudierudie bila sauti. Akaanzisha programu, akavaa viatu.

"Baba Alliance, usiiguse. Ata kidogo. Ikikufa, iache ikufe."

"Ntaigusa ya nini?" Michée alijibu.

Kazi yake ilianza mchana. Alibaki nyumbani na mashini, na mashini ilibaki na yeye, kwa maana kila alipopita mbele ya kamera alijiona: akinywa chai, akitafuta soksi, akinyoa ndevu. Alipoketi kunyoa shavu la kushoto, jicho lake likaanguka pembeni ya kioo, pale panapoonyesha saa. 07:31. Akatazama saa yake ya mkononi. Saa mbili na dakika thelathini na moja.

Ilikuwa saa ya Kinshasa. Bertrand alipoisafisha mashini mwaka uliopita aliiambia iko Kongo, na mashini ikajichukulia saa za mji mkuu, ambazo ziko nyuma ya saa za mashariki kwa saa moja. Blandine hakuwahi kujali. Lakini Michée kwa miaka kumi na moja alikuwa akiunganisha habari za Kinshasa redioni, na kila siku ya Mungu mdomo wake ulisema maneno yaleyale: ni saa moja kamili kule Kinshasa, saa mbili huku kwetu. Saa ya Kinshasa ikikaa bila kusahihishwa ilimwasha mwilini. Alishasahihisha saa ya kanisa, saa ya hospitali, simu za wageni waliotoka huko kwa ndege. Akafuta povu kwenye kidole, akafungua pale pa saa, akabonyeza mara tatu. 08:32. Akarudi kwenye ndevu zake akiwa ameridhika, wala hakuona kwamba amegusa kitu.

Mashini ilizima akiwa anatandika kitanda. Michée alitazama saa ya mkononi, kama watu wa redio wanavyofanya kwa kila jambo: saa tatu na dakika kumi na mbili. Akaifunga, akaiweka kwenye mfuko wake.

Alasiri, kibandani kwa Bertrand, Blandine aliiwasha. Daftari lilikuwa limejaa. Mstari wa kwanza: 06:05. Alikumbuka, alitoka nyumbani saa moja na dakika tano, yaani saa kumi na mbili na dakika tano ya Kinshasa. Sawasawa. Mstari wa mwisho: 09:12. Akatoa. Saa tatu na dakika saba. Dakika mia na themanini na saba, na yeye alihitaji mia na sitini tu! Aliona pia kwamba saa ya mashini sasa inalingana na ya simu, akadhani imejirekebisha ilipopata mtandao, akaipongeza kimoyomoyo. Hakuhesabu mistari. Mwalimu aliyekuwa akiwakata watoto alama kwa kutohakiki majibu yao hakuhakiki, kwa sababu jibu lilikuwa tamu.

*

Jirani yao Pudentienne, muuza samaki, alikuwa na jenereta ndogo ya kuendeshea friza. Alikuja jioni hiyo wakati wanakula, akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mama Alliance, nasikia uko na examen kubwa. Mbona haukuniambia? Groupe yangu iko. Siku ya posho samaki itangoja, weye utaichukua."

Blandine aliinuka, akamshika mikono yote miwili. Siku mbili zilizopita angelia kwa neno kama lile. Sasa alikuwa na namba yake, na namba ile ilimpa raha ambayo hakuwa ameionja tangu Jumanne: raha ya kutohitaji mtu.

"Aksanti sana, mama. Lakini masini yangu niliipima. Inakaa masaa matatu na dakika saba. Sitahitaji kukusumbua."

"Uliipima? Kama bunga ku soko?"

"Kama bunga."

Wakacheka. Michée alikuwa na tonge la bugali mkononi, tayari amelichovya kwenye mchuzi wa visamaki vya ndagala, na tonge lile halikufika mdomoni. Masaa matatu? Blandine alitoka saa moja na dakika tano. Mashini ilikufa saa tatu na dakika kumi na mbili, yeye mwenyewe aliiona. Alihesabu mara moja, akahesabu tena. Kisha akauona mkono wake wenye povu ukibonyeza mara tatu.

Akafungua mdomo. Pudentienne alikuwa bado mlangoni, jenereta lake umbali wa hatua ishirini. Maneno manne yangetosha: mama, lete ile groupe.

Akala tonge.

Tusimhukumu haraka. Michée hakuwa mtu mbaya, na wala hakuwa mwoga kuliko wanaume wengine. Alimpenda mkewe kwa namna ya watu wasiojua kusema. Kwa miezi miwili alikuwa tayari anamkosa wakati yuko naye: akimsikia anafagia uani, alisikia uwanja usiofagiliwa, akimwona anasahihisha madaftari karibu na taa, aliona kiti kitupu. Miaka miwili. Na wangapi walikwenda kwa miaka miwili wakarudi? Hakuwa amepanga lolote. Lakini jambo lilikuwa limejipanga lenyewe mbele yake, safi, bila jina la mtu. Mashini ingezima baada ya saa mbili na dakika saba, Blandine angelia, yeye angembembeleza, na maisha yangeendelea. Nani asingeilaumu betri?

*

Ijumaa kabla ya adhuhuri kilio kilipigwa nyumbani kwa Pudentienne. Shemeji yake alikuwa amefariki Sange, kwenye bonde. Watu wangekesha huko siku tatu, taa zilihitajika, na jenereta lazima liende. Walimwita Michée asaidie kulipandisha juu ya taksi-busi, kwa kuwa yeye ni fundi na anajua mahali pa kulishika.

"Kaza vizuri, Baba Alliance," Pudentienne alisema akijifunga kitenge cheusi kichwani. "Barabara ya Sange iko na mashimo. Bahati mama Alliance haiitaji."

"Ndiyo, mama. Pole sana."

Alikaza kamba. Alizikaza vizuri, akapiga mafundo mawili, akashuka, akasimama barabarani akitazama jenereta likienda kaskazini hadi gari lilipopinda. Ndipo akakaa juu ya jiwe la mtaro, katikati ya mchana, na wapita njia wakamsalimu kwa sauti ya msiba wakidhani anaomboleza shemeji ya jirani.

Jioni Blandine alipiga pasi blauzi yake nyeupe, ile ya Pasaka, kwa sababu kamera ingemwona. Mashini ilikuwa imetoka kwa Bertrand imejaa mpaka juu, nayo imelala kitandani juu ya mto kama mtoto mchanga. Alliance alikuwa amechora alama chumbani kwa chaki kuonyesha kiti kikae wapi. Kabla ya kula, Blandine aliwaomba waungane mikono.

"Mungu Baba," aliomba, "tunakushukuru ju ya ile masini. Ulijua hatuko na courant, ulijua préfet atatukatalia, na weye ukatupa masaa matatu na dakika saba, ukazidisha kuliko tuliomba. Ubariki bwana yangu, alibakia nayo ku nyumba akaichunga. Mu jina ya Yesu."

"Amina," alisema Alliance peke yake.

Blandine alifumbua macho.

"Baba Alliance?"

"Haiko masaa matatu," Michée alisema. Sauti yake, ile inayojulikana mji mzima, ilitoka kama ya mtu mwingine. "Iko mawili. Mawili na dakika saba. Niligusa saa. Nilikuwa nanyoa, nikaona iko saa ya Kinshasa, nikairekebisha. Sikuwaza. Mkono njo ulifanya."

Blandine alichukua simu, ambamo alikuwa amehamishia nakala ya lile daftari, akateremka mstari kwa mstari. Alipata mahali pale. 07:31, asilimia hamsini na nane. Mstari uliofuata: 08:32, asilimia hamsini na saba. Betri ilipungua chembe moja na saa ilikuwa imeruka saa nzima. Ilikuwa wazi kiasi kwamba mtoto wa darasa la kwanza angeiona. Akahesabu mistari yote kwa sauti ya chini, na wawili wale wakangoja.

"Mustari mia moja makumi mbili na munane," alisema. "Njo dakika mia moja makumi mbili na saba."

"Nisamehe."

"Ile ya kugusa saa haiko kosa. Ni weye, njo namna yako." Akaweka simu chini. "Ulijua siku gani?"

Angeweza kujibu kwamba amejua sasa hivi tu. Aliutazama uongo ule, ulikuwa karibu.

"Jana. Wakati ulikuwa unaongea na mama Pudentienne."

"Wakati groupe ilikuwa hapa."

"Ndiyo."

"Na leo ulienda kuipandisha mu gari."

"Ndiyo, Mama Alliance."

Blandine hakupiga kelele, na Michée angelipa chochote ili apige. Alitoa jivu kwenye pasi, akatundika blauzi kwenye msumari, akamwambia Alliance ale kabla chakula hakijapoa. Kisha akachukua karatasi na kalamu, akaandika juu yake 127, akaanza kugawa.

*

Mtihani ulikuwa na maswali kumi na mawili. Kwa dakika mia na sitini mtu angeweza kupumua kati ya swali na swali. Blandine alijipa dakika kumi kwa kila moja, akabakiza saba za kutuma, na akapunguza mwanga wa kioo hadi herufi zikawa za kijivu. Hakujua kama kuupunguza kutaongeza kitu; hakutaka tena kutegemea kitu ambacho hakukipima.

Michée alikaa kizingitini, nje, tangu saa tatu. Alifukuza kuku. Aliwaomba vijana wa kwaya waliopita na ngoma wazunguke njia nyingine. Dada mmoja wa kanisani alipokuja kusalimia, alimwonyesha kidole mdomoni kwa ukali mpaka yule dada akarudi nyuma. Ndani hakukusikika kitu isipokuwa vidole kwenye vibonyezo, na mara moja, karibu na saa nne, kicheko kifupi. Hakuwa amemsikia mkewe akicheka hivyo kwa miaka. Ilikuwa furaha ya mtu aliyekutana na swali gumu na kulipenda. Michée alikaza macho kwenye milima, na hapo ndipo alipojua kwamba hata kama wangekaa miaka mingine ishirini pamoja, yeye hangeweza kumchekesha vile.

Dakika ya mia na kumi na saba Blandine alifika swali la mwisho. Halikuwa la hesabu. Lilisema: *Kwa mistari kumi, eleza ni nini kitakachokufanya urudi kwenu baada ya masomo.*

Aliandika: Mume wangu. Akafuta. Akaandika: Binti yangu Alliance. Akaona kwamba Alliance angeweza kumfuata, akafuta. Akaandika: Wanafunzi wangu, na préfet akamjia machoni na kalamu yake, akafuta tena. Asilimia zilionyesha arobaini na moja, namba za uongo, lakini uongo ambao sasa aliujua. Dakika mia na ishirini na mbili. Mia na ishirini na tatu. Mshale ulikuwa unapepesa kwenye nafasi nyeupe. Muda ulikuwepo wa kuandika angalau mstari mmoja, na angekuwa mtu wa kudanganya angeuandika.

Akabonyeza kutuma.

Kioo kikasema: *Tumepokea.* Aliketi akikitazama, mikono mapajani, mpaka mashini ikazima yenyewe.

Alipofungua mlango Michée alisimama haraka. "Imefika?"

"Imefika."

"Byote?"

"Karibu byote," Blandine alisema, akaenda jikoni kuwasha makaa.

*

Jibu lilikuja baada ya wiki sita, kwenye simu, akiwa ubaoni. Alikuwa wa saba kati ya wanane. Préfet alikuwa wa kwanza kumshika mkono, na kwenye mkutano wa wazazi alisema kwamba shule yake daima huwasaidia walimu wanaotaka kusonga mbele. Redioni Michée aliisoma habari hiyo mwenyewe, mara mbili, bila kukosea jina hata moja. Watu wakampigia simu kumpongeza kwa kuwa na bibi mwenye akili.

Nyumbani waliishi kwa adabu. Waliongea juu ya pasipoti, juu ya dada ya Michée atakayekuja kutoka Nyakabere kukaa na Alliance, juu ya masanduku. Walilala kitanda kimoja kama kawaida. Juu ya ile Alhamisi na ile Ijumaa hawakuongea tena, na kimya hicho kilikula nao mezani.

Siku ya safari walikwenda wote watatu hadi mpaka wa Kavimvira, ambapo angevuka kwenda Bujumbura kupanda ndege. Asubuhi ilikuwa na joto tayari. Wanawake wenye mabeseni ya nyanya walipita kwa mstari mbele ya askari. Alliance alilia bila aibu, akamwachia mama yake kamasi kwenye blauzi, kisha akaenda kununua maji ili wakubwa waongee.

Michée alishika sanduku kwa mikono miwili ingawa lilikuwa chini.

"Iko kitu kimoja," alisema. "Ile siku ulisema karibu byote. Ni nini haukuandika?"

Blandine alimwambia swali lenyewe, neno kwa neno, kwa sababu lilikuwa halijamtoka kichwani.

"Na weye ulijibu nini?"

"Niliacha wazi."

"Muda uliisha?"

"Muda ulikuwa."

Michée aliitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama mtu anayesikiliza habari ambayo tayari alikuwa nayo. "Donc ungeandika nini?"

"Kama wangeniuliza siku mbili mbele ya ile siku, ningeandika jina yako ata mbele ya kumaliza kusoma," Blandine alisema. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. "Ile siku nilikuwa sijue tena. Na leo bado sijue, Baba Alliance. Niko natamani nijue."

Foleni ilisogea. Blandine akamshika mkono, akaushika kwa nguvu mbele za watu, kitu ambacho kwao hakifanywi, na hakuuachia mpaka askari alipomwomba pasipoti.